Mfuko wa msiba ni bima, na wenyewe ni ninyi: jinsi ya kuuendesha usikauke

Januari 2014 nilikwenda kumpa pole jirani yangu aliyefiwa na mama yake, mkononi nina bahasha ya shilingi 104,000. Katiba ya kikundi chetu ilisema apewe 300,000. Mweka hazina nilikuwa mimi, na nilijua vizuri pesa zilipokwenda. Kabla ya Krismasi tulikuwa tumevunja mfuko na kugawana kila kilichokuwamo, kila mtu akaondoka na 31,000 ya sikukuu, tukapiga vigelegele. Hakuna aliyeiba hata senti. Jirani akapokea bahasha kwa mikono miwili, akanishukuru, na turubai la msiba wa mama yake tukaenda kuliazima mtaa wa pili.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, bima sikuisomea. Ila daftari la kikundi chetu cha kufa na kuzikana nimelishika tangu 2012, na baada ya bahasha ile ilinibidi nijifunze kazi hii upya. Ninayoandika ni kwa wanaotaka kuanzisha kikundi cha namna hiyo, na kwa wenye nacho tayari ambao kila Januari mfuko wao unabaki mtupu.

Jueni kwanza mnachoendesha

Kosa letu la 2013 lilikuwa kuchanganya vitu viwili. Upatu au kikoba ni akiba: unachoweka ni chako, swali ni lini utakichukua. Mfuko wa msiba ni bima. Mchango wako wa Machi, kama hukufiwa, umekwenda kumzika mtoto wa mwenzako, haupo tena, na haukuwa wa kurudi. Ulichopata wewe ni uhakika kwamba likikufika, hutazunguka mtaani na karatasi ya harambee maiti ikiwa ndani. Kikoba kinavunjwa Desemba kwa sababu mwaka wa kikoba unaisha Desemba. Vifo havina Desemba.

Halafu ni bima ya aina yake. Kwenye kampuni ya kawaida kuna watu wa pande mbili: wanaolipia bima na wenye hisa. Mwaka ukiwa mzuri, kinachobaki ni cha wenye hisa. Kwenye mfuko wetu anayelindwa na mwenye mali ni mtu mmoja. Kinachobaki ni chetu. Na kinachopungua ni chetu pia, hakuna tajiri wa kutujazia. Nusu ya kwanza kila mtu anaikumbuka, ya pili inabidi niisome kwa sauti kila mkutano. Ndugu zetu wa Rwanda wana neno mituweli kwa bima yao ya afya ya kuchangiana, lililotoka kwenye Kifaransa, na maana yake ni hiyo hiyo: mimi kwako, wewe kwangu.

Hesabu ianze na vifo

Vikundi vingi huanzia mwisho. Mtu anauliza, "Tunaweza kuchanga ngapi? Elfu mbili? Haya, elfu mbili." Halafu wanaahidi rambirambi nono, na miezi minane baadaye wanagombana. Anzeni na vifo.

Andikeni kila roho inayolindwa. Kwetu ni mwanachama, mwenzi wake, watoto wake, na wazazi wake wawili wa kumzaa. Majina kamili, sio "mama" tu. Tuna wanachama 140, na orodha nzima ina watu kama 850. Sasa hesabuni misiba. Kwetu, 2018 ilikuwa 8, 2019 ikawa 7, 2020 ikawa 6, 2021 ikawa 9, 2022 ikawa 7 na 2023 ikawa 5. Jumla 42 kwa miaka sita, yaani wastani wa 7 kwa mwaka.

Kama kikundi ni kipya na hakina daftari, siku ya mkutano wa kwanza ulizeni mmoja mmoja: katika miaka mitano iliyopita, nani wa kwenye orodha yako amefariki? Jumlisheni, gawanyeni kwa tano, kisha ongezeni kimoja au viwili, maana watu husahau, na wengine hawapendi kutaja mbele za watu. Ulizeni kwa adabu. Mama mmoja alipofika kwa mwanawe alinyamaza muda mrefu, na mkutano wote ukamsubiri.

Rambirambi yetu ni 800,000 kwa kila msiba. Mara 7 ni 5,600,000 kwa mwaka. Mchango ni 4,000 kwa mwezi: watu 140 mara 4,000 mara miezi 12 ni 6,720,000. Mwaka wa kawaida unaacha 1,120,000. Gharama za madaftari, vocha na benki tunazilipa kwa pesa ya kukodisha viti na turubai kwa wasio wanachama, hazigusi michango.

Hapo ndipo mtu anainua mkono: "Sasa hiyo milioni na ushee tugawane." Hapana, bado. Angalieni 2021, misiba 9. Tulilipa 7,200,000 na tuliingiza 6,720,000. Tulipungukiwa 480,000, na aliyefiwa wa tisa hana habari kwamba yeye ni wa tisa. Anastahili sawasawa na wa kwanza. Ile pesa ya kubaki ndiyo ya mtu huyo.

Kwa hiyo wekeni kiwango cha akiba, na kiwe na sababu. Sisi tulijiuliza: ikitokea misiba maradufu ya kawaida, 14, itakuwaje? Ni 11,200,000. Toeni michango ya mwaka, 6,720,000, zinabaki 4,480,000. Hiyo ndiyo akiba tuliyojiwekea, na kwa mwaka wa kawaida inachukua miaka minne kuijaza. Miaka minne bila kugusa! Tulibishana mpaka saa mbili usiku. Kilichotuliza mjadala ni yule jirani wa bahasha. Alisimama akasema maneno machache tu: "Mimi nakumbuka Januari." Tukapiga kura.

Anayetaka kujua kama inawezekana, hii hapa safari yetu. 2018 ilibaki 320,000. 2019 ikaongeza 1,120,000. 2020, 1,920,000. 2021 ikala 480,000. 2022, 1,120,000. 2023, mwaka wa misiba mitano, 2,720,000. Mwisho wa mwaka huo akiba ilikuwa 6,720,000. Tulivuka lengo kwa 2,240,000, ambayo ni 16,000 kwa kila mwanachama, sawa na michango ya miezi minne.

Hapo sasa mnaruhusiwa kurudishiana. Tulipiga kura turudishe nusu, nyingine ibaki, na hatukumpa mtu noti mkononi: tulisema Januari na Februari 2024 hakuna kuchanga. Januari ni mwezi wa sare, viatu na madaftari; mimi mwenyewe cherehani yangu mwezi huo hailali, na najua nani anakuja kunikopa kushonesha sketi ya mtoto. Kusamehewa 8,000 kwa miezi hiyo miwili watu walikusikia.

Kampuni kubwa za namna hii kitu hicho hukiita gawio. Sisi tunakiita marejesho, na neno faida nimeliomba mkutano lisitumike. Hatukufanya biashara na mtu. Tulichanga zaidi ya kilichohitajika, tukajirudishia. Mtu akizoea kuiita faida, mwaka unaofuata ataidai kama haki yake hata kama misiba imekuwa 9.

Onyo moja kuhusu ukubwa. Hesabu hizi zinatulia mkiwa wengi. Kikundi cha watu 20 kinaweza kukaa mwaka mzima bila msiba, mwaka wa pili kikapata minne na kufa. Kwa maoni yangu, chini ya kaya 60 ni afadhali mjiunge na kikundi cha jirani kuliko kuanzisha chenu.

Nani aingie, na lini aanze kulindwa

Mtu hukumbuka mwavuli mawingu yakishatanda. Mlango ukiwa wazi bila masharti, watakaokuja ni wenye mgonjwa ndani, na waliokuwa wanachanga kwa miaka wataona mfuko unakwisha, waondoke. Dawa yake ni muda wa kusubiri. Kwetu ni miezi sita kwa kifo cha ugonjwa. Ajali inalipwa tangu siku ya kwanza. Mtoto mchanga anaingia siku anapozaliwa. Jina likiongezwa kwenye orodha linasubiri miezi sita kama mgeni. Mwenye deni la miezi mitatu ulinzi wake unasimama mpaka alipe, halafu asubiri mwezi mmoja. Kifungu hiki ni kigumu kukitekeleza kwa mtu unayeonana naye kila siku kisimani, lakini bila hiki ile hesabu ya 6,720,000 ni ndoto.

Kuhusu wazee kulikuwa na ugomvi. Baadhi walitaka aliye zaidi ya miaka 60 asiingie kabisa. Jambo hili ni la zamani kuliko sisi. Philadelphia, Marekani, mwaka 1752 Benjamin Franklin na wenzake walianzisha chama cha kukatiana bima ya moto ya nyumba, mali ya wanachama wenyewe, na kipo mpaka leo. Mwaka 1781 wanachama walipiga kura wasizikubali nyumba zenye miti mbele, kwa kuogopa kwamba miti inazuia kazi ya kuzima moto. Wenye miti hawakuikata. Mwaka 1784 wakaunda chama chao, na alama waliyoibandika kwenye nyumba zao ikawa mti. Nawaelewa pande zote mbili: wa kwanza walilinda mfuko, wa pili walipenda kivuli chao. Lakini kwenye mtaa wetu, mzee unayemfungia mlango ndiye aliyebeba jeneza la baba yako. Tulikubaliana wazee waingie kwa mchango ule ule, ila wasubiri miezi 12. Mfuko haukuyumba.

Kulipa ni mbio

Msiba wa Kiislamu unaweza kuzikwa siku ile ile. Rambirambi ikifika kesho yake haikumsaidia mtu sanda wala ubani. Kwa hiyo tunalipa mara mbili: 400,000 ndani ya saa tatu tangu taarifa, na 400,000 nyingine ndani ya siku saba karatasi zikikamilika. Ya kwanza inatoka kwenye laini ya simu ya kikundi, ambayo daima ina kiasi cha msiba mmoja tu. Nyingine zote ziko benki kwa saini tatu za watu wa nyumba tatu tofauti wasio ndugu.

Uhakiki haukwepeki, ila ufanywe kibinadamu. Wajumbe wawili wanakwenda nyumbani kutoa pole, na wakiwa huko wanaangalia orodha. Kibali cha kuzika au barua ya serikali ya mtaa inaletwa baadaye, si saa ya kilio. Tuliwahi kuletewa msiba wa "mama" ambaye kumbe ni mama mdogo. Yule ndugu hakuwa mwongo. Kwao mama mdogo ni mama, na ndivyo ilivyo kwetu wengi. Ndiyo sababu nasisitiza majina kamili kwenye orodha, mwanachama mwenyewe aweke saini kila Januari. Siku ile tulimpa ubani kutoka mifukoni mwetu, mfuko wa kikundi haukutoa kitu, na aliridhika.

Siku ambayo misiba inakuja pamoja

Hesabu ya wastani inadhani misiba inakuja mmoja mmoja. Kuna siku haiji hivyo. Februari 2023, hapa hapa mkoani kwetu, Korogwe, Coaster iliyokuwa inasafirisha maiti kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi iligongana na Fuso usiku, na watu zaidi ya 15 wakapoteza maisha. Hawakuwa wanachama wetu. Lakini nilikesha nikifikiri: sisi tunakwenda kuzika vijijini tumejazana gari moja, viongozi wote na waume zao. Msiba mmoja ungezaa kumi, na siku hiyo hiyo aliyeshika daftari hayupo.

Tukabadilisha mambo matatu. Wenye saini za benki hawapandi gari moja. Tukio moja likiua watu zaidi ya watano wa kwenye orodha, kila familia inapata nusu mara moja, nusu ya pili inalipwa kwa awamu kadiri michango inavyoingia. Na la tatu, tumeandikiana mkataba na vikundi viwili vya mitaa mingine: kikundi kikifikisha misiba 11 kwa mwaka, kila kimoja cha vile viwili kinatoa 800,000 kwa msiba unaofuata, mara moja tu kwa mwaka, na ni msaada, si mkopo. Wataalamu wa bima huita bima mtawanyo kampuni moja inapojikatia bima kwa nyingine. Yetu imeandikwa kurasa mbili, na kila mwenyekiti ana nakala.

Kama akiba na mtawanyo vyote havikutosha, zinabaki njia mbili: mchango wa dharura kutoka kwa kila mwanachama, au kupunguza rambirambi kwa wote. Andikeni kwenye katiba sasa hivi mtafuata ipi kwanza, na mwisho wa mchango wa dharura ni kiasi gani. Sisi ni 8,000 kwa mwaka, haizidi. Msiyajadili haya siku mna maiti.

Kura na daftari

Mtu mmoja kura moja, tajiri na mama ntilie sawa. Kila miezi mitatu nasoma namba nne tu: tulizoingiza, tulizolipa, tulizonazo, tunazodaiwa. Naziandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani kwa mwenyekiti, ibaki hapo mpaka mkutano ujao. Wanachama wawili wasio viongozi wanakagua, kila mwaka wapya, na mmoja lazima awe yule anayelalamika sana. Wanaolalamika husoma.

Mkikua, au mkitaka kujiunga na kikubwa

Majirani wanaosaidiana ni jambo moja. Mkianza kuwauzia wageni ulinzi kwa malipo maalumu, hiyo ni biashara ya bima, na Tanzania inataka leseni ya TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Nendeni mkaulize kabla hamjachapisha vipeperushi.

Na wakala akikuambia kampuni yake ni mali ya wanachama, mwombe akuonyeshe kwenye karatasi: ziada inakwenda kwa nani, nani anachagua bodi, mfuko ukipungua nani anaujaza, na kampuni ikigeuzwa kuwa ya wenye hisa wewe utapata nini. Ukikuta ni takafuli, yaani bima ya Kiislamu, majibu yanafanana na yetu kwa sehemu kubwa: mchango ni tabarui, yaani unatolewa kwa hiari kusaidiana, mfuko ni wa washiriki, mwendeshaji analipwa ujira wa uwakala, na mfuko ukipungua anaukopesha bila riba. Uliza ujira huo ni asilimia ngapi.

Hilo swali la kugeuzwa halina mchezo. Old Mutual, ambayo Afrika Mashariki inajulikana, ilianza Cape Town mwaka 1845 kwa wanachama 166. Iliendelea kuwa ya wanachama kwa zaidi ya miaka 150, na mwaka 1999 ikawa kampuni ya hisa, hisa zikaingia soko la London na la Johannesburg. Wanachama waligawiwa hisa. Tangu hapo mwenye bima na mwenye kampuni hawalazimiki tena kuwa mtu mmoja. Ilifanyika kwa kura na kwa sheria. Ninachokitaka kwenu ni kwamba siku kama hiyo ikifika kwenye kikundi chenye milioni sita, kuwe na ukurasa unaosema nini kifanyike, maana mfuko uliojaa una maadui wake: watu wachache wanaweza kuona kuvunja kikundi kuna pesa kuliko kukiendesha, nao waliochanga miaka 20 iliyopita na kufa hawapo kupiga kura.

Ukurasa wetu uko mwisho wa katiba. Kikundi kikivunjwa, theluthi mbili ya wanachama lazima wakubali katika mikutano miwili inayopishana kwa miezi mitatu. Madeni ya misiba yanalipwa kwanza. Kila mwanachama anarudishiwa michango isiyozidi ya miezi sita ya mwisho. Akiba iliyobaki hagawiwi mtu. Inakwenda kwa kikundi kingine cha kufa na kuzikana kilicho karibu, kwa sharti kiwapokee wazee wetu bila kusubiri. Turubai mawili, viti 120 na masufuria vinagawanywa nusu msikitini, nusu kanisani.